Mwanangu Aliyevua Tepe Tatu

Golbanti, Jumamosi, mwezi wa tano, 1957. Mvua asubuhi, jua la kuchoma mchana. Moyo una hasira, lakini ni hasira nzuri.

Daftari, salamu sana. Mwalimu wa misheni alitufundisha sisi akina mama kuandika barua tu, hakutufundisha kuandika kitu kingine, kwa hiyo hata wewe nakuanza kwa salamu. Baba Jillo hajambo, ila goti linamsumbua tangu mto ulipojaa. Mama mkwe wangu hajambo, macho hayaoni lakini masikio yanasikia mpaka ng'ambo. Binti yangu Maria hajambo, na mtoto wake hajambo, ameota jino la kwanza na kazi yake ni kuning'ata kidole. Mbuzi hawajambo. Hawo, yule mama wa Kiorma anayetuletea maziwa, hajambo, ila ng'ombe wao wamehamishwa juu kukimbia maji. Na mimi sijambo.

Jillo ndiye ambaye sikujua hali yake mpaka leo.

Jillo ni mtoto wangu wa kwanza. Alikuwa sajini katika jeshi la nchi kavu, tepe tatu mkononi, na mimi nikaitwa Mama Sajini. Nikienda mtoni na mtungi, wenzangu wananipisha. Nilipenda, sitadanganya. Hata Mzee Komora, ambaye zamani aliniitikia salamu kama anayefukuza nzi, alikuja mwenyewe kuuliza kama kijana ana mchumba. Tukapeleka posa kwa binti yake Raheli, kibuyu cha asali kilichofungwa kwa nta, na tumbaku. Mzee akapokea kwa mikono miwili, anacheka mpaka magego yanaonekana.

Halafu mwaka jana Jillo akahamia jeshi la majini, kule Kilindini. Na huko hawaulizi ulikuwa nani. Atokaye nchi kavu anaanza chini. Tepe zote tatu akazivua, akawa baharia wa mwisho kabisa, anapiga magoti kusugua sitaha ya manowari na kuamrishwa na vijana aliowazidi umri.

Hapa kijijini hawakukubali kwamba mtu anaweza kushuka kwa kupenda. Wengine wakasema amepoteza bunduki ya serikali. Wengine wakasema amempiga Mzungu kofi. Mtoni waliniuliza, "Mama Sajini, ni kweli bahari imefuta tepe za mtoto?" Wakacheka. Nikajitwika mtungi haujajaa, nikaondoka.

Nina jambo la kuungama, na nitaliandika haraka kabla sijaghairi.

Jillo alipokuja likizo, amevaa nguo nyeupe za majini, mkono mtupu, nilimwomba avae koti la baba yake kwenda kanisani. Koti zito la sufu. Nilimwambia kuna baridi. Baridi gani, Golbanti, mwezi wa pili? Nilitaka watu wasione mkono wake. Alivaa. Alikaa ibada nzima jasho linamtiririka mpaka kwenye kitabu cha nyimbo.

Mimi, mama yake, nilimfunika.

Siku ya pili tukiwa wawili tu, anatengeneza dema la samaki la baba yake, akaniambia kwa nini alihama. Alikuwa anaongoza askari kule bara, kwenye vita vya msituni. Kazi yake ilikuwa kusimama mlangoni na kupiga kelele watu watoke nyumbani. Siku moja alitoka mama mmoja, mtoto mgongoni, akamtazama usoni akamwita mwanangu. Kwa Kiswahili, ili aelewe. Jillo akaniambia, "Mama, tangu siku hiyo kila mlango niliposimama nilikuona wewe." Akaomba kuhama. Mkubwa wake akamwambia nenda, lakini tepe zinabaki hapa. Akazikata mwenyewe kwa wembe.

Aliniomba nisimwambie mtu, kwa sababu siku hizi hata kuta zina masikio. Sijasema. Ndiyo maana wewe daftari unalala chini ya mpunga wa mbegu. Lakini ujue ilivyo kazi kunyamaza wakati watu wanamwita mwanao mwizi wa bunduki, na jibu unalo mdomoni.

Sasa habari ya wiki hii.

Kwetu posa hairudishwi kwa maneno. Baba wa msichana anakibeba kibuyu kile kile, nta haijavunjwa, maana ikivunjwa hakirudi tena, anakiweka mikononi mwa mama wa kijana. Mama akikipokea, uchumba umekwisha. Asipokipokea, uchumba upo. Jumanne Mzee Komora alikuja na kibuyu. Nilimwona anakuja, nikaingiza mikono yote miwili kwenye udongo nikaanza kukandika ukuta wa jikoni ambao haukuwa na shida yoyote. Huwezi kumkabidhi mtu asali kwenye mikono ya matope. Ni utovu wa adabu, na mzee anajali sana adabu. Akakaa, akangoja. Nikakandika. Mama mkwe akasikia, akauliza kutoka ndani, "Huo ukuta umeanguka lini?" Nikasema, "Unataka kuanguka, mama." Mzee akaenda zake.

Alhamisi alinikuta napasua kambare. Nilipasua mpaka wa jirani.

Leo alfajiri nikaenda shambani kupanda mpunga, nikijua atakuja. Kabla hajaja, mwenye mtumbwi anayetoka Garsen akaniita kutoka majini, ana barua. Nikanawa, nikakaa kwenye tuta, nikasoma mwenyewe, herufi moja moja, midomo inacheza.

Jillo amepanda. Amefanya mtihani wa kamba na bendera na usukani, na sasa ameshonewa nanga moja kwenye mkono wa kushoto. Anasema nanga hiyo ni sawa na koplo wa nchi kavu, na ameipata mapema kuliko wenzake. Mkubwa wa manowari alimuuliza amejifunza wapi kutazama maji na kujua fungu la mchanga liko wapi. Akamjibu, "Nyumbani, bwana. Kwetu mto huhama, na sisi hukua tukiutazama." Nilisoma hapo mara tatu.

Halafu chini ameandika hivi: "Mama, nikipata nanga ya pili nitakuwa sawa na sajini, ndipo nitakuja nyumbani. Sitaki kukutia aibu tena kama ile siku ya koti."

Kumbe alijua.

Nililia, kisha nikaona Mzee Komora anakuja juu ya tuta na kibuyu chake. Nikafunga barua kwenye pindo la leso nikaingia matopeni.

"Mama Jillo," akasema, "leo nangoja mpaka unawe."

"Ngoja, mzee. Shamba hili lina siku tatu bado."

"Unanichezea. Mimi nilikubali sajini. Sikukubali mtu wa kusugua ubao."

Nikasimama. Sikukusudia kusema, lakini yalitoka. "Wewe ulimtaka mwanangu au ulitaka tepe? Kama ni tepe, panda mtumbwi uende Garsen. Pale dukani zinauzwa kwa yadi, nyekundu na buluu, ujishonee mpaka kwenye kanzu."

Akaketi juu ya tuta, kibuyu mapajani, kungoja ninawe.

Hapo barua ilikuwa kiunoni mwangu. Ningeitoa tu, ningemsomea neno nanga, na kibuyu kingerudi kwake na kicheko juu. Mkono ulitaka kwenda. Niliuzuia. Nilijiambia, leo nikimnunulia mwanangu heshima kwa nanga, itakuwaje siku nanga ikivuliwa? Atakuja tena na kibuyu? Mwezi wa pili mimi nilimfunika kwa koti. Leo siwezi tena kumfunika kwa nanga.

Basi nikainama nikaendelea kupanda.  Niliona nimempotezea mwanangu mke kwa kiburi changu.

Raheli alikuwa amemfuata baba yake bila yeye kujua. Alitokea kwenye matete na kikapu kichwani, akakitua, akapiga goti kumwamkia baba yake vizuri kabisa. Kisha akakichukua kibuyu mapajani mwa mzee. Akabandua nta kwa ukucha. Akaingiza kidole, akalamba.

"We mtoto, umefanya nini?" Mzee alipaza sauti mpaka korongo wakaruka.

"Nimekula posa yangu, Baba." Akalamba tena. "Ni tamu. Imekaa sana tu."

"Huyo mtu hana hata tepe moja!"

"Nimemwona, Baba. Nilikaa nyuma yake kanisani, amejifunika koti kwenye joto lile. Kwani mimi ni kipofu?"

Mzee akamnyang'anya kibuyu, lakini nta ilishavunjika, na asali ikamwagikia mkononi. Alisimama pale hajui afanye nini na huo mkono. Mwisho akaulamba. Haki ya Mungu, aliulamba, kisha akaondoka bila kuaga, na kibuyu amekiacha juu ya tuta. Nilijikaza nisimcheke mpaka alipopita matete.

Baada ya hapo ndipo nikanawa na kumsomea Raheli barua. Hakuruka wala hakupiga kigelegele. Aliuliza tu nanga inashonwa juu ya kiwiko au chini yake. Kisha akaniambia, "Mama, nipishe mstari huu," akaingia shambani na mimi, tukapanda mpaka jua likawa kichwani.

Mtoni jioni waliniuliza tena habari za tepe. Niliwaambia, mwanangu alizivua mwenyewe, kwa mkono wake, na mimi najivunia mkono huo. Anayetaka kujua zaidi akamuulize yeye. Nikajaza mtungi mpaka juu, taratibu.

Bado naogopa, daftari. Naogopa bahari, sijawahi kuiona na sitaki. Naogopa pia kwa sababu Jillo hajui lolote la kibuyu. Sikumwandikia, nilitaka asiumie. Kesho baada ya kanisa nitaandika kwenye karatasi safi, na Jumatatu mwenye mtumbwi ataibeba mpaka Garsen. Najaribu maneno hapa kwanza.

Jillo mwanangu, wote hawajambo. Raheli hajambo, anakusalimu, na ameifungua asali akijua mkono wako ni mtupu. Mambo ya nanga nilimwambia baadaye. Siku ile kanisani mwenye makosa nilikuwa mimi, si wewe, nisamehe. Usingoje nanga ya pili. Omba likizo uje na hiyo moja, au uje bila hata hiyo. Andika siku utakayofika, na uandike upesi, karatasi ikikuishia andika nyuma ya hii.