Kikombe Kilichobaki na Uji

Kijijini,
S.L.P. 19,
Ruiru.
20 Novemba, 1955

Mpendwa ndugu yangu Simeon,

Habari za huko Kisumu? Aoko na watoto hawajambo? Na kifua chako je, bado kinakusumbua kwa ule moshi wa reli? Sisi tu wazima, yaani tunaamka na kwenda kuchuma kahawa. Zaidi ya hapo usiniulize.

Barua yako imefika. Umeuliza ilikuwaje wanawake wazima wakampoteza mwanao, na umesema tulikuwa tukipiga domo. Maneno hayo yameniuma, mwana wa mama. Lakini nitakujibu, maana Njambi ulimwacha mikononi mwangu mama yake alipofariki.

Banda lile la kanisa tulilianzisha wenyewe. Mtoto wa Idah aliungua mkono akijipikia, mama yake akiwa kwenye kahawa. Tukasema basi. Wakitoka shule saa nane wakae bandani, mama mmoja awe zamu, wasome na kucheza mpaka jioni. Mwanaharusi, yule mjane Mwislamu wa mjini, akajitolea kuwapikia uji bila kuombwa na mtu. Mwaka mzima hakuna aliyeumia. Hilo hukuliandika.

Mwanaharusi alitaka watoto wahesabiwe wakiingia na wakitoka. Tulimcheka. Unajua kwetu mtoto hahesabiwi, ukimhesabu umemwitia mauti. Aliyecheka zaidi ni mimi. Basi akawa anapanga vikombe vyake, kimoja kwa kila mtoto, kimya kimya.

Siku ile zamu ilikuwa yangu. Njambi alikuwa amesahau shuleni ile sweta nyekundu uliyomletea, akarudi kuichukua bila kuniaga, akiogopa nitamgombeza. Na kweli ningemgombeza. Wakati wa kurudi akakata njia kandokando ya handaki la kijiji, lile serikali ililotuchimbisha kutuzungushia, lenye miti iliyochongwa, akateleza akatumbukia.

Mwanaharusi akaniambia, "Mama, kikombe kimoja hakijanywewa."

Nikamjibu, "Kuna mmoja hana njaa. Mwaga."

Tukaimba wimbo wa kufunga, watoto wakatawanyika. Nikadhani Njambi ametangulia na watoto wa jirani, naye jirani akadhani yuko nami. Nilipojua, filimbi ya kutotoka nje ilikuwa imeshalia. Nilimpigia magoti askari wa langoni. Akaniambia nirudi ndani kabla hajanipiga risasi. Tulimtoa asubuhi.

Hospitalini hakulia. Aliniambia tu mimi shangazi yake, "Tata, niliwasikia mkiimba. Nikaita." Tulikuwa tukiimba kwa sauti kubwa, Simeon.

Mguu wake hautanyooka tena. Banda limetiwa kufuli, na wazee wa kanisa wanasema wanawake tulijifanya serikali. Hao hao ambao wajukuu wao walikunywa uji wetu! Sasa watoto wanashinda chini ya mibuni, na mnyapara anachekelea, maana wanamwokotea kahawa bure. Mwanaharusi haji tena. Hakunilaumu hata siku moja. Afadhali angenitukana.

Unamtaka Njambi, nami sikatai. Sina uso wa kukataa. Mwalimu Gathogo amehangaika mpaka vibali vya safari vimepatikana, na ataletwa naye kwa gari la moshi Ijumaa. Usimbebe akishuka, hapendi kubebwa. Sweta ataivaa. Nimeishona palipochanika.

Nisalimie Aoko, mwambie namshukuru kwa kumpokea mtoto asiye wake. Msalimie na Jared mdogo. Dada yetu Magdalene anakusalimu, ingawa naye hasemi nami sana. Mungu awe mlinzi wa mlango wako, maana mimi ulinzi umenishinda.

Na jioni, kabla hujaufunga mlango huo, wahesabu watoto wako kwa sauti. Wote, na Njambi. Usiogope. Mimi niliogopa kumhesabu.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata ukinikasirikia,

Wakonyo