Kichupa cha buluu

Husna! Mudogo wangu Bienfait, mwalimu wa fizike, ameponea chupuchupu ku barrière ya Lweba, kile kizuizi cha barabarani.

Mai-Mai, bale bapiganaji ba kujimwangia maji ya kuzuia risasi, bamekuta vichupa vyake vya unga wa masomo. Komanda akamulika na taa ya kupimia dola za bandia: kimoja kikawaka nyekundu, kingine buluu. Bote bakaruka!

Bienfait akabaelezea: "Ni unga moja tu. Chembe kubwa inawaka nyekundu. Ndogo inabana elektroni, inawaka buluu. Ile njo iko na nguvu zaidi."

NGUVU ZAIDI, Husna! Kusema vile kwa Mai-Mai!

Komanda akajipaka buluu kifua nzima, eti izuie risasi, akaenda vitani.

Bienfait iko chini ya kitanda yangu. Komanda akikufa, batakuja kumuua. Akirudi muzima, batakuja kumubeba atengeneze ya bote.