Kiti cha Dirishani

Chumba cha nyuma,
Jumapili, baada ya mvua.

Mpendwa mpwa wangu,

Hujambo huko? Mguu wa mama yako umepona? Mwambie kaka yake bado kijana, meno tu ndiyo yamezeeka.

Habari za kule kiwandani kwenu kwa kushona nguo najua zimeshakufikia, na wote wanakusimulia vibaya. Shangazi yako anasema nilimpigia bosi magoti. Mpiga pasi anasema nilimkamata kola. Nisikilize mimi niliyekuwepo.

Siku uliyoondoka kumuuguza mama, wewe uko nje unatafuta gari, bosi aliniahidi kazi yako itakungoja. Mdomo tu, hakuna karatasi. Juzi nikapita kumkumbusha. Akasema nafasi zimejaa, na mashine yako kule stoo wameirundikia maboksi. Nikavuta stuli nikakaa mlangoni.

"Mzee, unamngoja nani?"

"Naingoja ahadi yako. Ikipita hapa nitaisalimia."

Mafundi wakacheka mpaka mashine zikanyamaza. Nikaona moto umekolea, nikaongeza kuni: "Ulisema akirudi kazi ipo, tena atakaa dirishani. Au mdomo wako una mlango wa nyuma?"

Akawatazama mafundi wake, haya ikamshika. "Kama nilisema, nilisema."

Basi mwanangu, kazi unayo. Nilitoka kifua mbele kama jogoo.

Ila niligeuka. Dirishani palikuwa na mama mmoja mgeni. Maboksi yakaondolewa, akahamishiwa kule stoo kwenye giza lako la zamani. Alitunga uzi akaikosa sindano, akaulamba, akaikosa tena. Mpiga pasi akaninong'oneza kwamba macho yake mabovu, ndiyo maana aliwekwa penye mwanga.

Tangu hapo nikifika pale navuka barabara, mimi niliyemtoa bosi jasho.

Ukirudi, kazi ni yako, usiiachie. Lakini huyo mama mrudishie dirisha. Mimi bosi siwezi kumrudia, nitamwambia nini?

Msalimie mama yako, na mdogo wako mwambie aache kukuna kidonda. Mungu awafunike nyote kama blanketi zito.

Mjomba wako akupendaye, hata akiharibu.

Nilitaka kufunga bahasha, mkono umekataa. Bosi aliahidi kazi tu. Dirisha hakulitaja. Nililitia mimi, maneno yanoge.