Nimezipenda Mbio Nilizozilaani, na Ijumaa Tunauza Nyumba

Mpendwa Shangazi Apolline,

Nakuomba msaada nikiwa nimejifungia jikoni, maana mume wangu yuko sebuleni anapanga vitu kwenye maboksi huku akipiga mluzi, na huo mluzi ndio unaoniua, kwa kuwa Anselme hapigi mluzi ila akiwa na huzuni.

Mimi ni mama mtu mzima, naitwa Léontine, nakaa La Condamine, ghorofa ya tatu, juu ya ile kona ya kanisa la Mtakatifu Dévote, na mtu yeyote wa Monaco akisikia hivyo ananipa pole hata kabla sijamaliza kusema, kwa sababu anajua kila mwaka ikikaribia wiki ya mbio za magari mimi naishi kama mfungwa, vizuizi vya chuma vinafungwa mbele ya mlango wangu wiki nyingi kabla, jukwaa la watazamaji linasimamishwa hadi linanikatia jua, na nikitaka mkate tu wa ng'ambo ya barabara inabidi nipande daraja la vyuma, nishuke, nimwonyeshe kibali kijana mwenye kizibao anayeniuliza, "Mama, unakwenda wapi?" nami namjibu, "Nakwenda kwangu, mwanangu, mgeni ni wewe."

Hapo sijasema habari ya binamu za mume wangu walioko Ventimiglia, Italia, watu ambao Krismasi hatuwaoni na msibani hatuwaoni, lakini Jumapili ya mbio wanajaa kwangu na chupa moja ya mvinyo mikononi, wanamaliza barbajuani zote, zile sambusa zetu za mboga, nilizokaanga, na mwaka mmoja rafiki wa rafiki yao alinipigia makofi nimletee barafu, akidhani mimi ni mtumishi wa kukodiwa. Na kelele, Shangazi! Vyombo vinatembea vyenyewe kabatini, paka wetu Berlingot anaingia ndani ya mashine ya kufulia na hatoki mpaka Jumatatu. Na yote hayo kwa ajili gani? Barabara yetu ni nyembamba, magari yamenenepa mwaka hadi mwaka, anayeanza mbele anamaliza mbele, wengine wanafuatana nyuma kama msafara wa mazishi uliochelewa makaburini.

Hayo yote nimeyasema hadharani, tena redioni, kwa sababu mimi ni mwenyekiti wa Kamati ya Utulivu ya mtaa wetu, walinichagua kwa ajili ya mdomo wangu, nami sikuwaangusha, na kila wiki ya mbio nilikuwa nafunga begi na kwenda kwa dada yangu Zénaïde kule Sospel milimani.

Sasa Anselme. Alikuwa fundi wa meno ya bandia, sasa amestaafu, ni mpole, hana makuu. Babu yake alizitazama mbio za kwanza kabisa kutoka dirisha letu hilo hilo, baba yake naye akazitazama hapo, yeye mwenyewe alibebwa dirishani akiwa mchanga, na Jumapili ya mbio kwake ni kama Pasaka, ananyoa, anavaa tai, kisha anakaa kutazama magari. Nami miaka yote nimekuwa nikimwambia, "Chagua, Anselme, mimi au dirisha."

Basi, majira ya baridi yaliyopita, tukiwa mezani, akaweka kijiko chini akasema, "Léontine, nimechoka kukuona unaikimbia nyumba yako kama mkimbizi. Tuuze. Tuhamie Sospel." Nililia kwa furaha. Wakapatikana wanunuzi, mume na mke wa Turin, tukakubaliana kwa maneno, na kutia sahihi kukapangwa kufanyike kwa wakili baada ya mbio, ili Anselme azione za mwisho. Niliona ni haki, hata anayekwenda kunyongwa hupewa mlo wa mwisho.

Shangazi, Jumatano ya wiki ya mbio, begi langu likiwa mlangoni, niliteleza kwenye ngazi zilizomwagiwa maji ya sabuni na jirani wa juu, kifundo cha mguu kikavimba kama tikiti. Daktari alikuja kwa miguu akihema, gari halikuweza kusogea karibu kwa hivyo vizuizi, akasema, "Madamu, huendi popote." Nikabaki. Anselme alikuwa amewakataza binamu zake wasije, alitaka kuaga peke yake, kwa hiyo tulikuwa wawili tu. Akanitafutia nta ya kuziba masikio, akauweka mguu wangu juu ya mto, akauliza kwa upole, "Nikufungie dirisha?" Nikasema, "Acha tu, ni mara ya mwisho."

Mvua ikanyesha kabla hawajaanza. Kulikuwa na kijana wa gari la buluu, jina lake hata kulitamka siwezi, ameanzia nyuma huko mkiani, na kila akipita chini yetu alikuwa anaukaribia ukuta mpaka nasema sasa huyu amekwisha, halafu anapita. Anselme akanigusa bega, "Usitazame gari. Tazama mikono yake." Nikaitazama. Shangazi, mikono ile ilikuwa inafanya kazi kama ya mama anayemvalisha nguo mtoto mtundu! Nikatoa nta sikio moja. Nikatoa la pili. Baadaye nikajikuta nimesimama kwa mguu mmoja nimemshika Anselme shingoni, na yule kijana akaja akalipita gari lingine pale pale konani kwetu, mahali ambapo mimi mwenyewe nimetangaza redioni kwamba hapapitiki, nami nikapiga kelele kwa maneno ambayo bibi yangu aliyatumia kuswagia mbuzi, nikavuta kitambaa cha meza kwa vikombe vyake vyote nikakipunga dirishani.

Mizunguko michache baadaye akarudi, gari likateleza, likagonga chuma chini yetu kabisa, gurudumu moja likaenda zake. Nikajua amekufa. Kisha akatoka mwenyewe, akaketi juu ya kizuizi, akavua helmeti, kumbe ni mtoto tu, analia. Nikainama dirishani nikamwita kwa sauti yangu yote, "Usilie, mwanangu! Umeendesha kama malaika!" Akatazama juu, akaweka mkono kifuani, akaniinamishia kichwa.

Televisheni ikaonyesha. Namshukuru Mungu uso wangu ulizibwa na chungu cha maua. Lakini kesho yake kamati ilikutana kwangu kwa sababu ya mguu, na katibu wetu, Madamu Euphrosyne, akasema, "Mmemwona yule bibi mwendawazimu na kitambaa chake? Watu kama hao ndio wanaotuharibia kazi." Wote wakanigeukia mimi mwenyekiti. Nikasema, "Aibu tupu." Nilisema hivyo, Shangazi, nimekalia kitambaa chenyewe.

Anselme hakunisema kwa mtu. Anadhani nilifanya yote kwa kumhurumia. Jioni aliniambia, "Asante, umenipa siku nzuri ya kuagia," akaenda kutafuta maboksi. Nami tangu hapo silali, kwa kuwa sitaki kuhama. Lakini nitasemaje? Nimemsumbua mwanaume wa watu ujana wake wote na uzee wake, leo nimwambie nilikosea? Zénaïde ameshanipakia chumba rangi. Mke wa Turin ameshapima mapazia. Na je, kama ilikuwa mvua tu? Mwakani jua likiwaka, msafara wa mazishi ukirudi, nikachukia tena? Maana vizuizi bado navichukia, na binamu wale bado siwataki. Nimeze maneno yangu ya redioni, au nikaimezee siri hii Sospel? Ijumaa ni kwa wakili. Nakusihi ulifiche jina langu.

Wako, mwenye kifundo kibovu na moyo mbovu zaidi.

*

SHANGAZI APOLLINE ANAJIBU

Wewe mama wewe! Jina lako nimelibadilisha. La paka nimeliacha, paka hana kosa.

Pole kwa mguu. Kwa hayo mengine sikupi pole, maana umejitengenezea mwenyewe kwa mdomo uliochaguliwa na kamati. Unaniuliza kama ilikuwa mvua tu. Mimi nimezaliwa hapa, nimeona mvua nyingi, na sijawahi kuona mvua inayomsimamisha mtu kwa mguu mmoja. Uliguswa, mama. Kubali.

Halafu nani alikwambia ukizipenda mbio lazima upende kila kitu chake? Mtu anaweza kumpenda bibi harusi na harusi ikamchosha. Mbio zetu ni za kizamani, zimebanwa, zina makelele, mara nyingi zinasinziza, na zinatufungia milango. Yote uliyosema redioni ni kweli. Na bado hakuna mahali pengine duniani ambapo mama mwenye chungu cha maua anaweza kumwambia dereva usilie, na dereva akamsikia. Hilo nalo ni kweli. Endelea kuvichukia vizuizi, na kijana wako mpende.

Sasa nikugombeze sawasawa. Kosa lako si kitambaa. Kosa ni kwamba miaka yote hiyo mtu alivaa tai akaketi dirishani, na wewe hukuketi naye hata mara moja ukajua anachotazama. Ulimpa achague kati yako na dirisha, akakuchagua wewe, na zawadi hiyo unataka kuipokea kwa kunyamaza? Ukinyamaza, atakufa na huzuni Sospel katikati ya kuku wa dada yako, nawe utakufa na siri, na hakuna atakayefaidi ila kuku.

Na wewe Anselme, najua utasoma: kuiacha nyumba ya babu kwa ajili ya mke bila kumwambia "inaniuma" si upole, ni kiburi kilichovaa tai.

Léontine, fanya hivi. Usingoje Ijumaa, na usimwambie mbele ya wakili kama unatoa ushahidi. Mwambie leo kabla ya chakula cha mchana, kwa maneno mafupi: "Sitaki kuuza." Usihutubie. Huna hotuba nzuri, nimekusikia redioni. Akikasirika, mwache akasirike, ana haki hiyo na hajawahi kuitumia. Watu wa Turin wapigiwe simu siku hiyo hiyo, waombwe radhi kiungwana, hakuna sahihi iliyotiwa. Zénaïde atapata mpangaji. Kwenye kamati usijiuzulu, bali useme ukweli kwa mdomo ule ule uliosema "aibu tupu", kisha mdai jambo la maana: daktari na gari la wagonjwa wawe na njia ya kufikia kila mlango wiki ya mbio. Leo kilivimba kifundo. Kesho utakuwa moyo wa mtu.

*

Kwa kuwa Ijumaa haimsubiri mtu, majibu haya nilimpelekea mwenyewe nyumbani kabla ya gazeti kuchapwa, na wasomaji wangu nawajua, mtataka kujua kilichotokea. Jana alinipigia simu.

Alikwenda sebuleni akichechemea, akasema, "Anselme, sitaki kuuza."

Anselme akakalia boksi. Boksi likabonyea naye. Akiwa hapo chini akauliza, "Umesemaje?"

"Sitaki kuuza. Nataka kumwona tena yule mtoto wa gari la buluu."

Hapo yule mpole ambaye hajawahi kupandisha sauti akanguruma hadi jirani wa juu akagonga sakafu. "Leo? Unaniambia leo? Nimeshawaaga majirani! Nimeshamuaga mwokaji mikate, amenikumbatia mbele ya wateja! Nimelia chooni maji yakiwa yamefunguliwa ili usisikie, Léontine, na bili ya maji itakuja!" Akachukua kofia, akatoka, akaubamiza mlango.

Léontine alikaa kwenye kiti chake akilia, akidhani ndoa imekwisha. Kumbe mzee amekwenda kuizunguka njia yote ya mbio kwa miguu, kutoka konani mpaka juu kwenye kasino, akashuka, akapita ndani ya handaki, akarudi kando ya bandari, mafundi wakiwa wanafungua vyuma na kumtazama. Aliporudi alikuwa ameshapita kwa wakili. Akavua kofia akasema, "Nimefuta. Lakini bado nimekasirika, na nitakasirika mpaka Jumapili." Léontine akamwambia, "Kasirika, mume wangu. Njoo ule." Akala sahani mbili, kwa hasira.

Bwana wa Turin alipoambiwa alikata simu bila kuaga. Baadaye mkewe akapiga, akanong'ona "Asanteni sana, hata mimi sikutaka kuhama," akakata.

Kwenye kamati ndiko alikoogopa zaidi. Alisimama, akasema, "Yule mwendawazimu ni mimi." Wawili wakaondoka bila kwaheri, na mmoja akamwita msaliti usoni. Hilo limemuuma, na litaendelea kumuuma, maana walikuwa rafiki zake. Waliobaki wamekubali kudai njia ya daktari. Mkutano ulipokwisha, Madamu Euphrosyne akafunga daftari lake taratibu, akangoja wenzake washuke ngazi, akamsogelea sikioni.

"Léontine," akasema, "hilo dirisha lenu, hivi linatosha watu wangapi?"

Ndiyo sababu Léontine alinipigia, aniulize amjibu nini. Mama, majibu ni haya. Jumamosi ya mazoezi mkaribishe yeye, wakaribishe na binamu wa Ventimiglia, kila mtu na chakula chake na kila mtu aoshe sahani yake. Jumapili funga mlango kwa ufunguo. Akiuliza tena, mwambie linatosha watu wawili.