Sukari ya Matanga

Jumanne. Mvua tangu alfajiri, na mimi nimechoka mpaka ulimi.

Magazeti ya leo yanasema tena kwamba mahakama ya kijeshi inawafagia watu wa magendo. Haya, wafagie. Mimi ndiye mkalimani wao wa Kiganda, kutwa nasimama kati ya meza na kizimba, na huo usafi bado sijauona.

Kesi ya leo ilikuwa ya fundi wa Katwe, mtengeneza sigiri za mkaa, mtu mpole, mikono imejaa makovu ya bati. Askari walikuta gunia la sukari chini ya kitanda chake. Tangu Wahindi wafukuzwe sukari haionekani madukani, na anayekutwa nayo ni mlanguzi, basi. Wiki iliyopita mwenye duka mmoja alihukumiwa kupigwa risasi kwa kosa hilohilo.

Tukisubiri kwenye korido, mkewe alinisimulia. Sukari si yao. Ukoo mzima ulichanga, huyu kikombe, yule kibakuli, ya kuondolea matanga ya baba yake fundi. Waganda hawafungi msiba bila kulisha watu. Mke mwenyewe ndiye aliyepita nyumba kwa nyumba kuipokea, kwa hiyo yeye ndiye shahidi. Alisema atawaambia yote, na sauti yake ilikuwa imara. Nikapata moyo, mjinga mimi.

Akaitwa. Akaingia, akapiga magoti.

Hivyo ndivyo mwanamke wa Kiganda anavyozungumza na wakubwa. Babu yangu alitoka pwani, lakini mimi nimezaliwa hapa Kisenyi, naliona jambo hilo kila siku hata sokoni. Mwenyekiti, meja wa kutoka mbali mwenye Kiswahili cha kambini, hakuwa amelizoea.

"Huyu mama napiga magoti ya nini? Mtu hana makosa hapigi magoti."

Nikasema, "Afande, ndiyo heshima yao."

"Heshima apeleke nyumbani. Asimame."

Nikamtafsiria. Jamani! Alisimama, na sauti ikamkauka palepale. Maisha yake yote hajapata kusema na wakubwa akiwa wima. Kwake hayo ni matusi, na nani atawatukana watu walioshika roho ya mumewe? Akatazama sakafu. Midomo inacheza, neno halitoki.

"Nasema nini?" meja akaniuliza.

"Anasema sukari ni ya matanga, afande. Ukoo ulichanga."

Meja akanigeukia. "Mdomo yake mimi naona. Hajasema kitu. Wewe nataka kuingia kizimbani na yeye?"

"Hapana, afande." Nina watoto. Niliogopa, tena sana.

Fundi mwenyewe alijaribu kueleza, akaambiwa kila mlanguzi ana msiba nyumbani. Mkewe akatolewa nje, na hukumu ikasomwa hapohapo, kabla hata ya chai yao. Nikamtafsiria fundi: kupigwa risasi. Akasema, "Webale, ssebo." Asante, bwana. Kwa adabu, kana kwamba nimemletea maji ya kunywa. Waganda na adabu yao, wallahi, leo imenichosha kuliko ukatili wa wale wengine.

Nilidhani kuna mtu atamwambia mkewe. Hakuna aliyemwambia. Nilimkuta kwenye korido, akapiga magoti kunisalimu, na maneno yakamtoka kama kawaida. Alisema sasa moyo umetulia, anakumbuka kila kitu, hata majina ya waliochanga. Akauliza kesho aje saa ngapi amalizie.

Nimeshatafsiri hukumu nyingi mwaka huu. Hii ilinishinda.

Nikamwambia aje mapema.

Ee Mola wangu, mbona nilisema vile? Kukicha atakuwa amekaa pale kwenye benchi la korido, amevaa gauni lake zuri la gomesi, na mlango wa mimi kuingilia ni huo mmoja tu, mbele yake.