Mlinzi wa Mteremko wa Juu

Mama mkwe wangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii imekukuta mzima, na kwamba kile kiuno kimepunguza ukorofi. Sisi tunaendelea, ila baridi ya huku haina utani. Nguo nilizofua juzi bado zimekakamaa kambani kama mbao.

Najua umeshtuka kuona mwandiko wangu badala ya wa mwanao. Tulia kwanza, mama. Yu hai, na amekula.

Kazi yake unaijua. Analinda mteremko wa juu, pale miti inapokoma yakabaki mawe na vile vichaka vifupi visivyofika hata gotini, vyenye majani madogo magumu, mabichi mwaka mzima. Watu wa hapa wanaviita mikeka kwa jinsi vinavyotandaa. Wapo wanaoving'oa kwa ajili ya kuni, na kikishang'oka kimoja, mvua hubeba udongo wote, na kingine hakioti leo wala kesho. Mwanao alianza kuvilinda kabla hajanioa, ndiyo maana wenzake hunitania kwamba mikeka ndiyo mke mkubwa.

Tangu baridi ianze nimekuwa nikiona mambo. Siku moja alirudi amevaa buti za mpishi wa kambi. Siku nyingine akaniuliza kama umeshahamia nyumba mpya, ilhali ni yeye aliyekubebea makabati. Msimamizi wake alisema ni uchovu, anahitaji likizo tu. Nikayashikilia maneno hayo. Mfa maji haachi kutapatapa.

Jumanne alitoka asubuhi kama kawaida. Mchana ukungu ukashuka, mzito hata mlango wa jiko sikuuona nikiwa uani. Wenzake wote wakarudi, yeye kimya. Mpishi aliniambia nisiwe na wasiwasi, mtu yule hata akifungwa kitambaa machoni atafika nyumbani. Hapo ndipo hofu iliponishika hasa. Nikamwomba anisindikize.

Tulipanda tukiita, na sauti zetu zikawa zinaishia puani. Tulimkuta upande usio wake kabisa, hatua chache kutoka ukingoni mwa genge, amejilaza katikati ya mikeka, upepo ameupa mgongo, koti kalivuta hadi masikioni. Mikono yake ilikuwa na joto. Mpishi alicheka kwa kushusha pumzi, akasema sisi tunahangaika na mwenzetu yuko kitandani. Nami nikacheka.

Sasa nikwambie lile ambalo mpishi hakulisikia, kwa kuwa alishatangulia kutafuta njia. Nilipiga magoti nimfunge skafu. Mwanao akanitazama kwa adabu, kama anavyowatazama wageni wanaopotea huko juu.

"Mama, unamtafuta nani?"

Nikamjibu kwamba namtafuta mume wangu.

Akajisogeza, akanipisha penye kinga. "Kaa hapa kwanza ukungu upungue. Kama ni mtu wa mlima huu, atakuja tu."

Nikakaa. Ningefanya nini? Baadaye kidogo akaniita kwa jina langu, akataka kujua kinachoniliza.

Daktari wa hospitali ya chini atamwona Jumatatu. Amesema umri wake bado si wa kusahau hivi, na ameuliza kama marehemu baba yake alikuwa na hali hiyo. Wewe ndiye unayejua, mama. Usinifiche hata kama ni baya, maana wanangu nao wana damu hiyo. Msimamizi nimemweleza mwenyewe. Amesikitika, lakini nyumba hii ni ya mlinzi, na huko juu hawezi kumrudisha tena. Tutashukia kwako, kama utatupokea. Mwanao bado hajui. Sijui nitamwambiaje, na nikishamwambia, sijui nitalazimika kumwambia mara ngapi.

Wajukuu wanakupa shikamoo. Wasalimie majirani, ila haya yabaki kati yetu kwanza.

Mwanao naye anakusalimu sana. Tangu nishike kalamu amekuja hapa mezani tena na tena, kunikumbusha nisisahau kuandika hivyo.

Ni mimi,
Mkweo akupendaye