Shairi la Harusi Yangu

Mwenzangu, nimetoka maktaba ya mashairi sasa hivi.

Nilikwenda na dada kulitafuta lile shairi alilonitungia marehemu mume wangu tulipooana. Binti wa pale akalileta, mwandiko wa mume wangu kabisa.

"Bibi, mbona tarehe hii ni miaka miwili kabla ya mwaka wa ndoa ulionitajia?"

Miaka miwili, mwenzangu. Hata hatukuwa tumejuana.

Unakumbuka pale anaposifia baka dogo la shingoni? Mimi sina baka. Kila nikimuuliza alikuwa anacheka, "Mashairi ndivyo yalivyo, mke wangu."

Nikageuka nimwambie dada. Dada yangu, mwenzangu, wa tumbo moja. Ameinama, anavuta mtandio shingoni alifunike baka lake.